Fe XVII: kwa nini namba za FAC zinapishana na jedwali

Swali nalifupisha hapa ili na wengine wajue tunaongelea nini. Msomaji yuko masters ya fizikia, kapewa kazi ya kuhesabu ngazi za nishati na migongano ya elektroni kwa ioni ya chuma Fe XVII, anatumia programu ya FAC. Anasema nguvu ya mgongano, yaani kipimo cha uwezekano wa elektroni kugonga ioni na kuipandisha ngazi, kwa mstari wa angstromu 15.01 inapishana na jedwali lililochapishwa kwa asilimia 10 hivi na hiyo haimsumbui, ila kwa zile ngazi zinazotoa mistari ya 17.05 na 17.10 namba zake ni ndogo mno, pengo la mara kadhaa. Anauliza amekosea wapi, na je aachane na FAC ahamie R-matriksi, mbinu nyingine nzito zaidi ya kuhesabu migongano?

Ndugu yangu, kwanza nikutoe wasiwasi, kwa jinsi ulivyoeleza sidhani kama umeandika kitu vibaya kwenye faili lako. Una matatizo mawili ambayo hayahusiani, moja la muundo wa ioni na jingine la mgongano wenyewe, na mimi hiyo asilimia 10 unayoiona ndogo ndo inanisumbua zaidi, kwa sababu hilo pengo kubwa chanzo chake kinajulikana na dawa yake ipo.

Kwa ambao hawajaizoea hii ioni, Fe XVII ni chuma kilichopoteza elektroni 16 kati ya 26, zimebaki 10 kama neoni, ganda la pili limejaa kabisa. Ganda likijaa kulibomoa ni kazi, ndo maana ioni hii inadumu kwenye plazima ya joto la mamilioni ya kelvini kwa eneo pana kuliko jirani zake, na ndo maana ukiangalia spektra ya nyota kama Capella iliyopigwa na darubini ya eksirei ya Chandra, mistari ya 15.01, 15.26, 16.78, 17.05 na 17.10 ndo inatawala pale katikati. Watu wa fani mstari wa 15.01 wanauita 3C, wa 15.26 ni 3D, na nitatumia majina hayo.

Sasa tuanze na muundo. Watu huwa wanadhani ioni yenye chaji kubwa ni ngumu kuliko atomu ya kawaida kumbe kwa upande mmoja ni rahisi zaidi, maana kiini kinavuta kwa nguvu sana kiasi kwamba elektroni kusukumana zenyewe kwa zenyewe kunakuwa jambo dogo, kadiri ya moja kwa Z (idadi ya protoni) ukilinganisha na mvuto wa kiini. Kwa hiyo ukianza na elektroni zinazozunguka kwenye potensho moja ya wastani unakuwa tayari umeshafika karibu. Kinachopanda ni relativiti, ukubwa wake unakwenda na mraba wa Z kwa 137, kwa chuma ni kama 0.036 na kwa tangsteni, ambayo watu wa ITER, mtambo wa muunganiko wa nyuklia, wanaihangaikia kwa sababu itakuwemo kwenye mtambo wao na haimalizi kuvuliwa elektroni hata pale katikati, ni kama 0.29. Ukienda mbali zaidi hadi urani iliyobaki na elektroni moja tu, masahihisho ya kwantamu ya mwanga na elektroni, pamoja na yale ya ukubwa wa kiini, yanahamisha ngazi ya chini kwa eV 460 hivi, wamepima kwenye maabara ya GSI kule Ujerumani. Kwa Fe XVII hatufiki huko, ila ni lazima uanze na mlinganyo wa Dirac, na FAC inafanya hivyo tayari.

Lakini FAC ina kitu kimoja ambacho lazima ukijue kwa undani, na ndo hapo nahisi asilimia 10 yako inatoka. Aliyeiandika, Ming Feng Gu, aliijenga ili obiti zote zitumie potensho moja tu. Faida yake ni kwamba obiti zinakuwa huru moja kwa nyingine bila usumbufu na hesabu inakwenda haraka ajabu, hasara ni kwamba hiyo potensho ni maafikiano, haiwezi ikamridhisha kila mtu. Ile amri ya OptimizeRadial ndo inaamua potensho itengenezwe kwa kuangalia mipangilio ipi ya elektroni. Ukiipa mpangilio wa chini peke yake, yaani 2p6, obiti ya 3d unayoihitaji kwa mstari wa 3C inakaa kwenye potensho iliyoshonwa kwa ajili ya mtu mwingine, ukiipa yote kwa pamoja inakuwa wastani. Jaribu hivi, usibadilishe kitu kingine chochote, badilisha tu orodha iliyopo ndani ya OptimizeRadial mara tatu, afu andika pembeni nishati na nguvu ya osileta (f, kipimo cha nguvu ya mstari wenyewe) ya 3C na 3D kila mara. Utakavyoona namba zinacheza ndo utajua ukubwa wa mashaka yako halisi, na hakuna jedwali litakalokuambia hilo.

Kitu cha pili ni idadi ya mipangilio. Ukiweka hadi n=3, yaani ganda la tatu, unapata ngazi 37 kamili, hesabu mwenyewe: ya chini 1, 2p5 3s inatoa 4, 2p5 3p inatoa 10, 2p5 3d inatoa 12, halafu ukitoboa 2s unapata 2, 4 na 4. Ukiongeza n=4 zinakuwa 89. Kutoka 37 kwenda 89 mashine haitalalamika, ila nishati za 3C na 3D zitahama kidogo kwa sababu ngazi zenye J moja (jumla ya mzunguko wa elektroni) na pariti moja (ulinganifu wa kioo) zinachanganyika, na bado hujaweka zile ambazo elektroni mbili zimepanda kwa mpigo, kama 2p4 3d2 na ndugu zake. Ziweke hata kama huna haja ya kuzihesabia mgongano, ziwepo kwenye amri ya Structure kwa ajili ya kuchanganyika tu.

Kwa nini nang'ang'ana na mchanganyiko? Kwa sababu 3C na 3D ni ngazi mbili zenye J=1 zilizopishana kwa eV 13.4 tu, moja iko eV 825.8 na nyingine eV 812.4, zinaibiana. Pengo kati yao likikosewa kidogo, au ule uhusiano kati yao ukikosewa kidogo, mwenye nguvu anampa mnyonge sehemu isiyo sahihi, jumla ya nguvu zao inabaki karibu palepale ila uwiano unaharibika. Na uwiano huu umetesa watu miaka mingi. Nadharia nzuri zilikuwa zinatoa kama 3.5, halafu mwaka 2012 kundi moja likachukua mtego wa ioni likaupeleka kwenye leza ya eksirei ya LCLS kule California, wakapata 2.61 na mashaka ya 0.23, mshtuko mkubwa kwa sababu pale hakukuwa na mgongano wa kulaumiwa, walikuwa wanapima mwanga na ioni tu, kwa hiyo kidole kikaelekezwa kwenye muundo. Mwaka 2020 kipimo kipya kwenye PETRA III, mashine ya eksirei ya Hamburg, kikatoa kama 3.09. Bado haikulingana. Mwaka 2022 wakarudia wakiwa na uwezo mkubwa zaidi wa kutenganisha mistari na kelele ndogo sana, wakagundua kwamba mabawa ya mistari, ile mikia yake miwili inayofifia taratibu, yalikuwa yanakatwa kwenye vipimo vya nyuma, wakapata 3.51. Miaka kumi nzima. Wale waliokuwa wanahesabu nadharia walishaongeza mipangilio hadi mamia ya maelfu na namba yao ilikuwa imegoma kushuka, na mwisho ikaonekana ilikuwa sawa. Mimi hiki kisa nakipenda kwa dhati maana kinaonyesha hesabu iliyokaguliwa vizuri inaweza ikasimama yenyewe hata kipimo kikisema vingine.

Sasa uhusiano wa hiyo na mgongano wako ni huu. Kwa mpito unaoruhusiwa kama 3C, elektroni ikija na nishati kubwa sana, nguvu ya mgongano inapanda kama logarithmu ya nishati, na mteremko wa hiyo logarithmu ni 4 mara g mara f gawanya kwa nishati ya mpito katika Rydberg (Rydberg moja ni eV 13.6). Weka namba: g, yaani idadi ya hali za ngazi ya chini, ni 1, f ya 3C chukua kama 2.4, nishati ya mpito ni 826 gawanya kwa 13.6 yaani kama Rydberg 60.7, unapata 0.158. Umeona f imeingia moja kwa moja? f ikiwa juu kwa asilimia 10 nguvu ya mgongano nayo itakuwa juu kwa karibu asilimia 10 hata ukitumia mbinu nzuri namna gani ya mgongano. Ndo maana nasema kuhamia R-matriksi hakutakutibu hapo, utabeba ugonjwa uleule kwenye nyumba mpya. Chora nguvu ya mgongano dhidi ya logarithmu ya nishati, angalia mteremko wa mwisho, ukilingana na hiyo namba yako basi sehemu ya mgongano iko salama na kosa liko kwenye f.

Ukiwa huko linganisha pia f ya geji ya urefu na ya geji ya kasi, ambazo ni njia mbili za kuhesabu f ileile. Kwa mstari wenye nguvu kama 3C zikipishana zaidi ya asilimia chache ujue orodha ya mipangilio haijatosha. Ila zikilingana usishangilie bado, zinaweza zikalingana zote mbili zikiwa zimekosea. Na kabla ya yote hakikisha unalinganisha ngazi na ngazi yake, usilinganishe kwa mstari wa ngapi kwenye faili. Ngazi za 3p na 3d zimebanana, ukibadilisha modeli zinapishana mpangilio, na nimeshaona mtu anatoa ripoti ya tofauti ya mara tano kumbe namba 20 yake ilikuwa namba 21 ya mwenzake. Shika J, pariti, na sehemu kubwa ya mchanganyiko, basi.

Tuje kwenye 17.05 na 17.10. Hizi zinatoka kwenye ngazi mbili za chini za 2p5 3s, ya 17.05 ina J=1, ya 17.10 ina J=2 na inateremka kwa njia ya kwadrupoli ya sumaku ambayo ni dhaifu. Kuipandisha elektroni moja kwa moja kutoka 2p hadi 3s kwa mgongano ni kazi ngumu, nguvu yake ni ndogo, kwa hiyo chochote kinachoongezeka pembeni kinaonekana. FAC kwenye CETable, amri yake ya migongano, inahesabu mgongano wa moja kwa moja tu, kwa mbinu ya mawimbi yaliyopindwa na potensho ya ioni, inapita kwenye nukta chache za nishati na kuchora mkunjo laini. Jedwali lako karibu hakika limetoka kwenye R-matriksi, ambayo ina risonansi ndani yake.

Risonansi ni nini hapa? Elektroni inakuja, badala ya kugonga na kuondoka inanaswa, inakaa kwenye ioni huku elektroni nyingine imepandishwa, kwa muda mfupi sana una Fe XVI yenye elektroni mbili juu. Hali hiyo haidumu, inatema elektroni moja, na ikitema kwa namna ya kuiacha ioni kwenye 3s basi umepata mpandisho ambao CETable haikuuona. Na unaweza kujua zipi zinahusika kwa kalamu na karatasi tu. Elektroni iliyonaswa kwenye n imefungwa kwa nishati ya kama 13.6 mara mraba wa 16 gawanya mraba wa n, yaani eV 3482 gawanya mraba wa n. Ngazi ya 3D iko juu ya ngazi ya 17.05 kwa eV 85. Ili 2p5 3d nl iweze kutema elektroni na kuangukia 3s, nishati ya kufungwa lazima iwe chini ya 85, 3482 kwa 85 ni 41, kwa hiyo n lazima ianzie 7. Sasa chukua kiini cha 2p5 4d, mstari wake uko kwenye 12.26, yaani eV 1011, pengo hadi 3s ni eV 284, 3482 kwa 284 ni 12.3, kwa hiyo n=4 inatosha. Umeelewa maana yake? Zile risonansi nene za 4l 4l' zinaingia ukiwa na n=4 tu, mtu mwenye ngazi 37 hazioni kabisa hata akitumia R-matriksi, ndo maana hesabu za ngazi 89 zilikuwa hatua kubwa.

Kwa hiyo bakia na FAC. Tengeneza Fe XVI yenye mipangilio ya 2p5 3l nl' na 2p5 4l nl', endesha AITable upate kasi ya kutema elektroni kwenda kila ngazi ya Fe XVII, na TRTable upate kasi ya kutoa mwanga. Kasi ya kunaswa unaipata kwa usawa wa kwenda na kurudi kutoka kasi ya kutema kwenda ngazi ya chini, unaizidisha na sehemu ya kutema kwenda 3s kati ya njia zote, zikiwemo njia za kutoa mwanga. Hizo za mwanga usiziache, kwa ioni yenye chaji kubwa mwanga unashindana kwa nguvu na kutema, ukizisahau risonansi zitavimba kupita kiasi. Mbinu hii inachukulia kila risonansi peke yake, na kwa chaji kama 16 inafanya kazi vizuri.

Lini basi R-matriksi haikwepeki? Pale chaji ikiwa ndogo na mstari unatoka ndani ya kundi lilelile la ngazi za chini. Mfano mzuri ni Fe XIV, chuma hichohicho kikiwa kimepoteza elektroni 13, mstari wake wa kijani wa angstromu 5303 ulionekana kwenye kupatwa kwa jua mwaka 1869 na watu wakadhani ni elementi mpya wakaiita koronia, mpaka Grotrian na Edlén walipoonyesha kuanzia 1939 kwamba ni chuma cha moto wa milioni kelvini. Kwa mpito ule risonansi ziko nyingi, zinapandana, zinaingiliana, ukizihesabu mojamoja utapotea. Pale mbinu aliyoikuza Philip Burke na wenzake kule Belfast ndo mahali pake: ndani ya tufe dogo unahesabu elektroni zote kwa pamoja na kubadilishana kwao, nje ya tufe mambo ni mepesi, na ukishamaliza kazi nzito ya ndani mara moja unaweza kupita makumi ya maelfu ya nukta za nishati kwa bei ndogo ya muda.

Jambo jingine, unapolinganisha usichukue nguvu ya mgongano kwenye nishati moja. Mkunjo wa R-matriksi una miiba maelfu, ukidondokea juu ya mwiba utasema umekosea mara hamsini. Linganisha ile iliyowekewa wastani wa Maxwell, yaani wastani juu ya kasi zote za elektroni kwa joto fulani, ndo namba yenye maana kwa plazima. Na angalia kama nishati kwenye faili lako ni ya elektroni inayoingia au ya ile inayotoka, kwa 3C tofauti yake ni eV 826 nzima, ukichanganya hapo wastani wote unaharibika bila kutoa dalili yoyote.

Nikuonyeshe ukubwa wa mambo. Tuseme wastani wa 3C ni 0.1 kwenye kelvini milioni 5. Kasi ya mpandisho ni 8.629e-6 gawanya kwa mzizi wa joto, ambao ni 2236, mara 0.1, mara e kwa hasi 826/431, unapata kama 5.7e-11 sentimita za ujazo kwa sekunde. Kwa elektroni bilioni 10 kwa sentimita ya ujazo, ioni moja inapandishwa 3C kama mara moja kila sekunde mbili, wakati kasi ya kushuka kwake ni zaidi ya trilioni 20 kwa sekunde. Kwa hiyo karibu kila ioni utakayoikuta iko chini kabisa, na kila mgongano unakuwa fotoni moja. Ndo maana kosa la asilimia 10 kwenye mgongano ni kosa la asilimia 10 kwenye mwanga unaofika kwenye darubini, halifichwi popote.

Kwa 17.05 na 17.10 sivyo. Huko hata ukiweka risonansi zote bado usilinganishe na mwanga wa nyota moja kwa moja, kwa sababu ngazi za 3s zinajazwa sana kutoka juu. Ngazi ya 3p yenye J=0 inapandishwa kwa nguvu na mgongano, haiwezi kurudi chini kwa fotoni moja maana J=0 kwenda J=0 imekatazwa, kwa hiyo inamwaga mzigo wote kwenye 3s. Na Fe XVIII ikinasa elektroni nayo inamwagia hukohuko. Lazima umalize ngazi zote 89 ndani ya modeli moja ndipo useme kitu kuhusu uwiano wa 17 kwa 15.

Kuhusu nishati za mistari, usitumie za kwako kwenye spektra. Kosa la eV 1 kwenye 3C ni angstromu 0.018, Chandra inaliona, tumia zilizopimwa maabara na uzipachike kwenye ngazi zako, ila f na migongano viache vitoke kwenye hesabu yako.

Anza na ile ya OptimizeRadial mara tatu, haitakuchukua hata siku nzima. Halafu nitumie grafu ya nguvu ya mgongano ya 3C dhidi ya logarithmu ya nishati pamoja na f za geji zote mbili, nikiona mteremko nitakuambia kama uende kwenye risonansi au urudi kwenye mipangilio kwanza.